Droo ya Tendo Moja

Msiniulize nilipita njia gani kufika Orodhani, maana njia yenyewe haina la kumfaa mtu. Nilifika Jumanne asubuhi, mwanangu Tunu mgongoni, na mtu wa kwanza niliyekutana naye akanisalimu: "Hujafutwa?" Nikadhani ananitania. Baadaye nikajua ndiyo salamu ya nchi ile, na jibu lake la adabu ni "Bado, nashukuru."

Nitasimulia nilichokiona kwa utaratibu, kadiri nitakavyoweza. Nikipandisha sauti mahali, mnisamehe. Mimi ni mzazi, na kuna mambo mzazi hawezi kuyaeleza kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa.

Orodhani kila mtu ni mstari. Katikati ya mji kuna ukumbi, ndani ya ukumbi kuna Ubao, na kwenye Ubao yameandikwa majina ya watu wote, ukurasa juu ya ukurasa, mistari mia kila ukurasa. Mbele ya kila jina kuna kisanduku kidogo cha kutia alama ya vema. Asiye na mstari Ubaoni, nchi haimwoni. Shule haimwoni, zahanati haimwoni, na akitumbukia kisimani wataandika kwamba kisima kimepata hitilafu.

Pembeni mwa Ubao kuna droo iliyoandikwa MATENDO. Karani akitaka kuwafanyia watu wengi jambo moja kwa mkupuo, hutia vema kwenye visanduku vyao, huvuta droo, huchukua kikaratasi cha tendo, hukitumbukiza kwenye tundu chini ya Ubao, kisha hubonyeza kitufe cha TEKELEZA. Papo hapo jambo linawapata wote waliochaguliwa, na kibao cha kijani kinashuka kutoka darini kutangaza matokeo. Ni mtambo mzuri sana. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu mambo hayo ndiyo niliyosomea, darasa la jioni, miezi minane, mimba ya Tunu ikikua hadi dawati likanikataa.

Basi nikamwomba karani wa zamu anionyeshe droo. Jina lake Tosiri, mtu mpole mwenye kola iliyochakaa na wino kwenye kidole gumba. Akaivuta. Ndani mlikuwa na kikaratasi kimoja tu. Nikakisoma: FUTA WALIOCHAGULIWA.

"Mengine yako wapi?" nikamuuliza.

"Mengine yapi, mama?"

"Matendo mengine. Kuthibitisha, kuhamisha, kusahihisha majina."

"Aa, hayo tunafanya kwa mkono. Mmoja mmoja." Akanionyesha. Kila mstari una mlango wake. Unaingia, unabadilisha unachobadilisha, unapiga muhuri, unatoka. Na ukitoka, Ubao unakurudisha ukurasa wa kwanza hata kama ulikuwa wa arobaini, unaanza kumtafuta wa pili upya. "Nikijitahidi sana, nathibitisha tisa kwa siku," akasema.

"Na kufuta?"

"Kufuta hata elfu. Kabla chai haijapoa."

Nikamuuliza nani aliamua iwe hivyo. Akashangaa swali lenyewe. Hakuna aliyeamua. Mafundi waliojenga ukumbi zamani waliukabidhi ukiwa na tendo hilo moja drooni, kama vile nyumba mpya inavyokabidhiwa ikiwa na kitasa kimoja, wakijua mwenye nyumba ataongeza vyake. Wenye nyumba hawakuongeza. Walikaa, wakatazama kilichomo, na sheria zote za nchi zikaota kutoka humo.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na sijamaliza. Kwa kuwa kufuta ndilo jambo rahisi, kufuta kukawa dawa ya kila kitu. Jina lako limekosewa herufi? Unafutwa, uombe upya. Umehama mtaa? Unafutwa, uombe upya. Mapacha wamechanganywa? Anafutwa mmoja, kwa kura, ili mkanganyiko uishe. Zamani, baada ya kubonyeza kitufe, Ubao ulikuwa unauliza kwanza, "Una uhakika?" Waliliondoa swali hilo kwa azimio, kwa sababu karani mmoja aliwahi kujibu hapana.

Nilipokuwa bado naduwaa, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amempakata mtoto aliyevimba vifundo vya miguu. Aliniambia anaitwa Mwanamvua, na mtoto ni Zamoyoni. Kisha akamgeukia Tosiri. "Karani, leo umefika kwa nani?"

"Ukurasa wa kwanza, dada. Mstari wa thelathini na nne."

"Wa kwangu yuko ukurasa wa nne."

"Najua, dada. Najua."

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye benchi, mimi nikimnyonyesha Tunu. Mtoto wa Orodhani hutibiwa kwa mstari wa mama yake mpaka atimize miaka miwili. Baada ya hapo anatakiwa awe na wake. Waliotimiza miaka miwili tangu mwezi uliopita walikuwa zaidi ya mia sita, wote wameandikwa ANASUBIRI. Na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita kamili, hufanyika Usafi wa Ubao: yeyote anayesubiri bado, anafutwa. Ijumaa yenyewe ilikuwa siku tatu mbele.

"Zamoyoni ana selimundu, ule ugonjwa wa damu," Mwanamvua akasema. "Dawa anakunywa kila siku. Chupani zimebaki vijiko vitatu: kesho, keshokutwa, na hiyo Ijumaa. Jumamosi nikienda zahanati, watatazama Ubao. Akiwa hayumo, hawanipi. Siku mbili tatu bila dawa, huyu anaanza kulia mifupa. Umewahi kumsikia mtoto analia mifupa, mwenzangu?"

Sikuwahi. Nilimtazama Tunu anavyonyonya, jasho dogo puani, nikasimama naye hivyo hivyo, nikamwendea Tosiri.

"Kwa nini msiandike tendo jingine mkalitia drooni?"

Makarani watatu waliacha kupiga mihuri.

"Tendo linaandikwa?" Tosiri akauliza taratibu. Walidhani matendo huja na ukumbi, kama nguzo.

Nikaomba kikaratasi. Tendo, kama nilivyofundishwa, lina mambo machache tu: jina la kuitiwa, maneno yatakayosomwa na karani, nani anaruhusiwa kulitumia, litamfanyia nini kila aliyechaguliwa, na mwishoni litatangaza nini. Niliandika THIBITISHA WALIOCHAGULIWA. Tunu alinivuta kalamu mara mbili na mstari mmoja ukapinda, lakini kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Nilitaka kulitia drooni palepale. Tosiri akanishika mkono. "Mama, tafadhali. Mpaka Baraza la Droo likubali."

Baraza likakaa Alhamisi. Wajumbe tisa, na mwenyekiti wao Mheshimiwa Mkingiwa, mtu nadhifu mwenye sauti laini kama ya anayelaza mtoto. Nauandika mjadala ule kama nilivyousikia, bila kuongeza chumvi, maana chumvi ilikuwamo ya kutosha.

Mjumbe wa kwanza alisema kuthibitisha kwa mkupuo ni hatari. "Je, akithibitishwa asiyestahili?"

"Na akifutwa anayestahili?" nikauliza.

"Huyo hajawahi kuleta malalamiko."

"Ataletaje na hana mstari?"

"Ndicho tunachosema. Malalamiko yetu ni sifuri. Nchi gani nyingine ina sifuri?" Wakagonga meza.

Mjumbe wa pili akasema wema ukifanywa haraka unakosa heshima. Mtu athibitishwe akiwa ameshasota kidogo, ndipo atauthamini mstari wake. Nikamuuliza mtoto wa miaka miwili asote vipi. Akasema mama yake atamsaidia kusota. Wa tatu akataka kujua kama mimi mwenyewe nimo Ubaoni. Wakapekua. Simo. "Basi iandikwe," akasema, "kwamba Baraza lilisikia kelele kutoka upande wa mlango."

Hapo Tunu akaangua kilio. Mheshimiwa Mkingiwa akatabasamu. "Naona na huyu anachangia hoja."

"Anachangia, Mheshimiwa," nikasema. "Na mpaka sasa ndiye aliyesema la maana kuliko wote."

Akina mama waliosimama nyuma wakacheka. Mkingiwa hakukasirika. Alikichukua kikaratasi changu, akakigeuza juu chini. "Hicho kibao cha kijani, kitatangaza nini?"

"Kitasema, watoto kadhaa wamethibitishwa kwa mafanikio."

"Jina langu halimo?"

Nikamtazama. Nikamtazama Mwanamvua aliyekuwa mlangoni, mtoto begani. "Linaweza kuwemo," nikasema.

Tendo likapita kwa kura zote, kwa sharti moja: litatumika mara moja tu, Ijumaa asubuhi, mbele ya watu. Nikaongeza maneno "chini ya Mheshimiwa Mkingiwa" pale mwisho. Nilifurahi, jamani. Nilidhani nimeshinda. Sikufikiri kwamba tangazo lililoandikwa kumfurahisha mkubwa litakuwa limesahau kitu.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Palikuwa na ngoma na hotuba, na soda kwa wajumbe. Tosiri alipanda jukwaani, akapanga Ubao uonyeshe wanaosubiri pekee, kurasa saba. Akagusa kisanduku cha juu kabisa, kile kinachowatia vema wote kwa mpigo, na visanduku vyote vilivyokuwa mbele yetu vikajaa. Akatumbukiza kikaratasi changu, akabonyeza, kisha akakirudisha drooni kama ilivyo ada. Kibao cha kijani kikashuka:

WATOTO 100 WAMETHIBITISHWA KWA MAFANIKIO CHINI YA MHESHIMIWA MKINGIWA.

Vigelegele! Mwanamvua naye alipiga, akamrusha Zamoyoni juu. Mimi ndimi niliyebaki nimesimama kama nimepigwa na kitu. Nikasoma tena.

"Tosiri! Mia moja!"

"Ndiyo, mama, mia..." Akageuka kuutazama Ubao, na uso ukamshuka. Kisanduku kile cha juu huwachagua walio kwenye ukurasa ulio mbele ya macho tu. Ukitaka wa kurasa zote, kuna maneno chini yake, madogo kama sisimizi: *Umechagua 100 wa ukurasa huu. Chagua wote 612?* Unayagusa hayo kwanza. Tosiri hakuyagusa.

"Hukuyaona?"

"Nayajua, mama. Kila siku ya Usafi tunayagusa. Lakini kwa..." Akatafuta neno. "Kwa jambo la namna hii, mkono haukwenda."

Haya niyaseme waziwazi. Watu wale waliyajua yale maneno madogo miaka yote. Kwa kufuta, waliyagusa hata wakiwa usingizini. Siku ya kwanza ya kufanya jema, wakaona mia inatosha, na hakuna aliyejiuliza. Na kosa lilikuwa langu pia: tangazo langu lilitaja waliofanikiwa, likamtaja Mheshimiwa, halikutaja waliobaki. Nililiandika mimi, kwa mkono wangu, nikijua.

Nikamkimbilia Mkingiwa nimwombe turudie. Alikuwa ameshika soda. "Baraza liliruhusu mara moja," akasema kwa ile sauti laini. "Mara moja imetumika."

"Wamebaki mia tano na kumi na wawili, Mheshimiwa. Saa sita utawafuta."

"Mama, kibao kimesema mafanikio. Sasa wewe unabishana na kibao?"

Nilirudi kwenye benchi. Mwanamvua alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Hakulia. Alimweka mtoto sawa pajani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya sokoni, "Hilo tendo la kufuta ni kitu gani hasa?"

"Kikaratasi."

"Kama hicho chako?"

"Kidogo kuliko changu."

"Na aliyekiandika yuko wapi?"

"Mafundi wa zamani. Walishaondoka. Humu ndani hakuna anayejua kuandika kingine."

"Nishikie mtoto."

Nilimpokea Zamoyoni, nikawa na wawili. Wakubwa walikuwa wanasikiliza hotuba, migongo kwenye Ubao. Mwanamvua alipita kando ya ukuta kama anayeenda kunywa maji, akavuta droo, akachukua kikaratasi kile kidogo, akakitia kifuani, akafunga kanga juu yake, akarudi kukaa. "Ukinitazama hivyo watajua," akaniambia.

Saa sita ikagonga. Usafi wa Ubao hufanywa na Mheshimiwa mwenyewe. Ndiyo heshima yake, miaka kumi na minane sasa. Alipanda huku bado anamjibu mjumbe mmoja jambo fulani. Hakuutazama Ubao. Kwa nini autazame? Mkono wake uliijua njia. Kisanduku cha juu. Maneno madogo, akayagusa bila kuyaangalia, na kurasa zote sita zilizobaki zikajaa vema. Zamoyoni akiwemo. Mkono ukaenda drooni.

Nilingoja aguse mbao tupu, ageuke, apige kelele. Akili yangu ilikuwa kifuani kwa Mwanamvua. Nilisahau kabisa kwamba Tosiri alikirudisha changu. Mkingiwa alipapasa, akakuta kikaratasi kimoja. Daima kilikuwa kimoja. Akakichukua, akakitumbukiza, akabonyeza, akageukia watu akipangusa vidole kwa leso.

WATOTO 512 WAMETHIBITISHWA KWA MAFANIKIO CHINI YA MHESHIMIWA MKINGIWA.

Wajumbe wakapiga makofi. Kibao kikiwa kijani, hupiga. Walipiga mpaka mmoja, nadhani yule wa malalamiko sifuri, akakisoma. Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, kisha ya huyo nayo yakaisha. Tosiri aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, mabega yakimtikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Mkingiwa alivuta droo hadi ikachomoka. Akaitikisa. "Ilikuwapo karatasi humu."

"Ipo, Mheshimiwa," Mwanamvua akasema, akajigonga kifuani. "Njoo uichukue."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Bibi mmoja aliketi chini kabisa. "Nenda, baba," akamwambia, "usiogope, hapaumi!" Na yule mtu aliyefuta maelfu kwa kidole kimoja akasimama pale, mikono nyuma, hajui atazame wapi.

Mwisho akanigeukia mimi. Sauti ikawa laini zaidi. "Mama mgeni. Tendo lile ni fupi, sivyo? Liandike upya. Nitakupa mstari, wewe na mwanao, ukurasa wa kwanza. Hamtafutwa kamwe."

Naapa sijawahi kukasirika vile. Watoto mia tano na kumi na wawili walikuwa wamepona kwa sababu mkubwa wao hasomi anachokishika. Si huruma iliyowaponya, wala haki, wala hoja zangu nilizozipanga usiku kucha barazani kwa Mwanamvua. Uvivu uleule uliowafuta wenzao ndio uliowaandika. Na sasa uvivu huo ulikuwa unanunua mkono wangu.

"Ni fupi, Mheshimiwa," nikasema. "Naweza kuliandika nimefumba macho. Siliandiki. Ukitaka kumfuta mtoto, mlango wa mstari wake upo, ingia. Soma jina lake, soma la mama yake, kisha piga muhuri mwenyewe. Mmoja mmoja, kama tulivyosota sisi."

Hakuingia. Alisema ana kikao.

Jumamosi tulikwenda zahanati. Mganga alitazama orodha yake, akapitisha kidole, akatoa chupa bila neno, na Zamoyoni akatema nusu ya kijiko cha kwanza kwenye kanga ya mama yake. "Meza, wewe!" Mwanamvua akamfokea, akampangusa kidevu, akambusu palepale alipompangusa.

Tulipotoka nje, akaniambia atakichoma kile kikaratasi. Nikamwambia asikichome kabla ya kukisoma. Alikitoa, kimelowa jasho, akakikunjua juu ya goti. Alisoma kwa kidole, polepole, midomo ikitembea. Kisha akasoma tena, na nikaona hasira ikimpanda shingoni, ileile yangu.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo hayo."

"Mistari mitatu? Mwenzangu, nchi nzima tunalala na viatu kwa kuogopa mistari mitatu?"

"Mitatu."

Mtoto alikuwa ameshasinzia begani kwake. Akageuza kikaratasi upande wa pili, ambao haukuwa na kitu, akakilaza vizuri, akaninyooshea mkono.

"Nipe kalamu."